Saa Kumi na Mbili ya Shavuni

Jumatano, Julai. Chumbani kwetu Ilala, kabla ya magharibi.

Mawingu yametanda tangu alfajiri, na kipupwe kinapita hadi kwenye mifupa. Majirani wananung'unika kwamba nguo hazikauki. Mimi nimefurahi. Siku ya mawingu ndiyo siku yangu ya kutembea nimeinua uso, kofia yangu ya pama mkononi, kama mtu mwingine yeyote.

Niandike kwanza lililo kubwa, kalamu isije ikaisha wino: jicho langu la kulia halitaguswa.

Asubuhi nilikuwa nimeshatia sahihi kwamba litaguswa.

Daftari hili sijalifungua miezi mitatu. Basi ngoja nijieleze tangu mwanzo, ili siku nikilisoma nikiwa bibi kizee nisichanganyikiwe. Kilianza kama kipele chini ya jicho, juu ya mfupa wa shavu. Kikaota gamba, gamba likabanduka, likarudi. Nikapaka mafuta ya nazi. Nikapaka dawa ya zambarau niliyopewa dispensari, nikazunguka Kariakoo nzima na shavu la rangi ya biringanya. Hakikupona. Ikafika mahali nikinawa uso kinatoa damu.

Kina mama wa ushirika wetu wa ushonaji wakakiita kidonda ndugu, kama vinavyoitwa vidonda vyote visivyotaka kupona. Mwanahawa, ambaye cherehani yake iko ubavuni mwa yangu na ambaye hanyamazi hata akiwa na pini mdomoni, akasema nchi hii sasa kila mtu ni ndugu, hata kidonda. Tulicheka sana. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilikuwa naogopa.

Mimi ni zeruzeru. Naliandika neno hili kwa mkono wangu, maana nimelisikia vya kutosha kutoka midomo ya wengine. Ngozi yangu haina rangi ya kuikinga na jua, na macho yangu hayafiki mbali. Sindano naitunga uzi nikiwa nimeileta karibu iguse pua. Lakini naona, na hicho ninachokiona kinanitosha kushona shati lenye kola iliyonyooka. Ndiyo kazi yangu na ndiyo inayotulisha mimi na Mama.

Daktari aliniuliza kama nimewahi kufanya kazi juani. Nikamwambia miaka mitatu, kule kwetu kusini, kijiji kilipoanzishwa na sote tukawa tunalima shamba la pamoja. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema, alisema mimi nibaki kivulini nichambue mbegu. Nilikataa mwenyewe. Siku zile asiyeshika jembe aliitwa kupe, na mimi tangu kuzaliwa nilikuwa nimeshaitwa majina ya kutosha. Nikalima. Nililima hadi zamu za watu wengine. Jioni ngozi ya shingo inabanduka kama ganda la kitunguu, nami najiona shujaa wa taifa.

Shamba silijutii. Naujutia ukaidi wangu.

Huyo daktari anaitwa Kileo. Ni kijana, amerudi nchini mwaka jana baada ya miaka sita ya masomo Ulaya, na ana mikono isiyotetemeka. Mara ya kwanza alikata kinyama tu. Nilidhani kukatwa ndiko kutibiwa, nikamshukuru na kuaga. Akanirudisha kwenye kiti, akanieleza kwamba hicho ni kipimo, bado hajatibu kitu. Alikuwa amechoma sindano ya ganzi, akatoa kipande kidogo kuliko punje ya mchele, akatia mshono mmoja. Kipande kikaenda maabara. Baada ya wiki mbili jibu likaja, kansa ya ngozi. Siku ile nilitembea kutoka hospitali hadi Kariakoo jua la saa saba likiwa utosini, pama nimelishika mkononi, na sikukumbuka kulivaa.

Niliporudi kumwona alinipa habari njema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Alisema aina yangu hukua polepole, haina haraka ya kusafiri mwilini, na ikikatwa yote mapema mtu hupona kabisa. Mkononi nilikuwa pia na vidoa viwili vilivyoota magamba; alivipapasa akasema ni vya juu juu tu, hivyo atavikwangua na kuviunguza kidogo, bila hata mshono. Cha usoni ndicho cha kukatwa chote, pamoja na ukanda wa ngozi nzima kukizunguka, halafu maabara watazame kingo zake. Kingo zikiwa safi, kazi imekwisha. Ukingo mmoja ukiwa bado na ugonjwa, tutarudi kukata upande huo tu.

Hilo nililielewa upesi. Nikamwambia hata sisi hatukati juu ya mstari wa chaki, tunaacha nafasi pembeni. Akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Na siku ya kukata, nikiwa nimelala nusu ya uso haina habari, nilisikia akimwambia nesi kwamba kile kipande anakitia uzi mweupe upande wa juu, ili kule maabara wajue juu ni wapi na chini ni wapi. Nikawaza, huyu ni fundi kweli. Sisi nasi tukipata kitambaa ambacho pande zake zinafanana tunakitia alama kabla ya kukikata.

Wiki tatu zikapita. Leo ndiyo nilikwenda kuchukua majibu.

Siku hizi fomu za maabara zinaandikwa kwa Kiswahili, tangu ofisi zote zilipohimizwa kutumia lugha yetu. Daktari Kileo akaisoma kwa sauti, mimi kwenye kiti, nesi, Sista Paulina, akiwa amesimama na trei yake. Kingo zote ni safi, isipokuwa upande wa saa kumi na mbili. Kisha akagusa kwa kidole chini kabisa ya kope zangu za chini, mahali ambapo hata wanja naogopa kupaka.

Akasema ugonjwa umebaki hapo, upande wa jicho. Kesho itabidi akate sehemu ya ukope wa chini, achukue kipande cha ngozi nyuma ya sikio, atie kiraka. Akasema ukope unaweza kulegea baadaye ukashuka. Jicho linaweza lisifumbe vizuri, likawa linatoka machozi au linakauka. Hakutaka kuniahidi kitu asichoweza kukitimiza, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini nilikuwa nahesabu macho yangu. Ninayo mawili tu, na lile la kushoto ndilo baya zaidi.

Niliitikia "ndiyo, daktari" labda mara saba. Kazini mimi ndiye ninayebishana na wateja mpaka wanakubali kwamba viuno vyao si kama walivyoniambia. Hospitali sijui huwa nani. Sista akaniletea karatasi, nikaileta karibu na pua, nikatia sahihi. Akaichukua. Daktari akachora kwa wino mstari mdogo chini ya kope, na nilihisi ncha ya kalamu ikipita kwenye ngozi nyembamba.

Hapo ndipo nilipouliza swali. Nataka niliandike kama lilivyokuwa, kwa sababu tayari mjini linasimuliwa vingine. Sikuuliza kwa ujasiri wala kwa akili. Nilikuwa nawaza Mama atakayenisindikiza atarudije nyumbani.

"Daktari," nikasema, "kama ni saa kumi na mbili jioni, mabasi yatakuwa shida kwa mama yangu. Haiwezekani kunikata asubuhi?"

Akanitazama. "Ni asubuhi. Nani kakwambia jioni?"

"Si umesoma saa kumi na mbili?"

"Aa, hapana, dada. Hiyo si saa ya operesheni, ni mahali. Kidonda tunakigawa kama uso wa saa." Akageuka akanyoosha kidole kwenye saa ya ukutani, juu kabisa. "Pale. Saa kumi na mbili."

Sista Paulina akasema polepole, kama mtu anayemwambia mwenzake kifungo kimefunguka, "Daktari, pale ni saa sita."

Daktari akaitazama saa, kisha fomu, kisha saa tena.

Kila aliyekulia hapa anajua. Mkono wa saa ukiwa juu kabisa, ni saa sita. Saa kumi na mbili ni ukiwa chini kabisa, jua linapochomoza na linapotua. Yeye naye anajua, amezaliwa Moshi, hakudondoka kutoka mwezini. Ila miaka sita alifundishwa upasuaji kwa saa za wenzetu, na alipoona kumi na mbili kwenye karatasi ya hospitali, jicho lake likaenda kwenye namba iliyoandikwa juu.

Akauliza kwa sauti ndogo, "Hii fomu kaandika nani?"

Tukaenda wote watatu, daktari mbele, mimi na mstari wangu wa wino usoni, Sista nyuma bado na trei yake. Maabara tulimkuta karani, Mzee Nassoro, kofia yake ya kiua imekaa sawasawa, kalamu mbili mfukoni. Daktari akamwamkia shikamoo kabla ya kumwuliza chochote. Mzee akaitikia marahaba, akaivuta fomu akaisoma, akaonekana kuudhika kidogo.

"Kosa liko wapi, mwanangu? Daktari wetu wa hapa huandika kwa Kiingereza. Ameandika sita. Mimi kazi yangu ni kutia Kiswahili. Nikiandika saa sita, si watadhani ni saa sita ya mchana? Sita yao ni kumi na mbili yetu. Hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua."

Alikuwa amefanya kazi yake barabara. Hata daktari alikuwa amesoma barabara kile alichofundishwa. Katikati yao nilikuwepo mimi na ukope wangu.

Daktari Kileo hakutaka kuamini kwa maneno tu, na hapo alinipendeza tena. Aliomba rejesta, akaisoma. Akaomba kichupa chenye kile kipande kilichobaki. Kumbe uzi mweupe bado ulikuwepo, nikauona mwenyewe nilipoleta kichupa karibu na uso. Daktari wa maabara akarudi kwenye hadubini yake atazame upya kila ukingo. Tuliambiwa tungoje nje kwenye benchi. Sijui ilikuwa nusu saa au zaidi. Niliomba Mungu nikiwa nimekishika kiwiko cha Sista Paulina, ambaye wala hatujuani, na hakukiondoa.

Mlango ulipofunguliwa Daktari Kileo alikuwa anatikisa kichwa, lakini kwa namna ya mtu aliyenusurika.

"Ni chini," alisema. "Upande wa mdomo. Karibu na jicho ni safi kabisa."

Ndipo nikakiachia kiwiko cha Sista.

Akaenda kuichukua ile karatasi niliyotia sahihi, akaichana mbele yangu. Akaniomba radhi. Hakuzunguka wala hakumsukumia mzee wa watu. Alisema, "Dada Somoe, nisamehe. Ningekata pazima nikaacha pagonjwa." Kisha akaniwekea mkono begani, na nadhani wa kutulizwa alikuwa yeye. Nililia kidogo. Nililia kwa lile alilolisema, kwamba ningelipa kwa jicho na ugonjwa ungebaki palepale shavuni unanicheka.

Kesho basi ni kazi nyingine kabisa. Atakata ukanda mwembamba chini ya kovu, upande wa mdomo. Hapo ngozi ipo ya kutosha, itavutwa na kushonwa bila kiraka. Ganzi ileile, na jioni niko nyumbani. Vidoa vya mkononi atavikwangua siku hiyohiyo. Fomu mpya aliiandika mwenyewe, na nilimsikia akimwagiza Sista kwamba kuanzia leo mambo ya saa yamekoma: ataandika "upande wa jicho", "upande wa mdomo", "upande wa pua", "upande wa sikio". Sista akasema hayo angeyaelewa hata bibi yake.

Nilipoaga, daktari akaniambia nije kesho saa mbili. Nikamwuliza, saa mbili ya kwake au ya kwangu. Sista Paulina alilazimika kuiweka trei chini.

Sijidanganyi. Hicho cha kesho nacho kitakwenda maabara, na tutangoja tena. Hata kingo zikiwa safi, daktari anataka kuniona kila miezi mitatu, kwa sababu ngozi iliyokwisha kuungua haisahau. Mikono mirefu, pama, kivuli, maisha yangu yote. Naweza. Nguo za mikono mirefu nazijua kuzishona kuliko wengi, na nitajishonea nzuri mpaka wenye rangi zao wanionee wivu.

Kutoka hospitali nilipitia ushirika. Lilikuwa kosa, maana kabla sijamaliza kusimulia Mwanahawa alishakwenda kwa wauza vifungo, na saa moja baadaye mwuza ndizi wa kona ya pili alinisimamisha kunipongeza kwamba nimemfundisha daktari kusoma saa. Nilijaribu kumweleza kwamba nilikuwa nauliza habari za basi. Hakutaka kusikia.

Mama nilimkuta uani anachambua mchele, ule uliopatikana juzi baada ya foleni ya tangu alfajiri. Ananiuliza kila siku jambo moja tu, na leo aliniuliza lilelile.

"Na jicho?"

"Linabaki, Mama. Watakata chini, shavuni."

Akasema "haya", akainama tena kwenye ungo. Nikadhani ndiyo basi. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba yeye ndiye aliyenipa jembe. Mwenyekiti alipokuja nyumbani kusema nibaki kivulini, Mama alimjibu kwamba mwanawe si kilema. Miaka yote hii sikujua. Mimi nilidhani ukaidi ule ulikuwa wangu peke yangu, kumbe niliurithi.

Nikamwambia hakukosea, kwamba alikuwa ananitetea kwa namna aliyoijua. Akanijibu kwamba angenitetea kwa mwavuli ingekuwa bora. Tulicheka wote wawili, yeye akijifuta kwa pindo la khanga. Kisha akaniuliza kama kovu litaonekana. Litaonekana. Basi na lionekane. Watu wananitazama barabarani tangu nikiwa mgongoni mwake, angalau sasa watapata swali jipya la kuniuliza.

Kuna jambo moja la ushirika nimeliruka hapo juu, nikaona nilale nalo. Haliwezekani, ngoja niliandike.

Tangu lile jibu la kwanza nimekuwa nikikataa kila kazi ya kuchukuliwa baada ya mwezi huu. Mashati ya shule ya wiki hii, ndiyo. Kaptula za kesho kutwa, ndiyo. Kitu cha mbele, hapana, mpelekee fundi mwingine, mimi nina kazi nyingi. Nilikuwa sina kazi nyingi. Nilikuwa siamini kwamba huko mbele nitakuwepo, au kwamba nitakuwa na jicho la kufanyia kazi. Sikumwambia mtu, hata Mama. Mwanahawa aliniomba mara mbili nimshonee bintiye Rehema gauni la harusi, harusi ya mwezi wa kumi na moja, na mara zote mbili nilimkatalia bila hata kumtazama. Mara ya pili aliondoka kimya. Mwanahawa, kimya. Nilijua nimemuumiza, nikamwacha aumie.

Leo, alipomaliza kunitangaza sokoni na kurudi kwenye cherehani yake, nilimwuliza gauni la Rehema kampa nani. Nilitaka kusema pole, hata kama nimechelewa.

Akaendelea kukanyaga cherehani yake kana kwamba hakusikia. Akafika mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno. Akainama, akavuta sanduku lililo chini ya meza, akatoa kitambaa cheupe kilichokunjwa ndani ya gazeti, akakiweka mapajani mwangu.

"Sijampa mtu," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Kesho saa mbili asubuhi nakatwa. Jumatatu nampima Rehema.